Mgeni Juu ya Mwembe

Somo: 1 Wakorintho 12:14–26



Nawaomba kwanza mfungue Biblia zenu, mlisome somo hili lote pasipo haraka, kisha mrudi kwangu. Mtume Paulo anena humo habari za mwili na viungo vyake, na jinsi jicho lisivyo na ruhusa ya kuufukuza mkono. Katikati ya maneno yake atia jambo ambalo mimi nimelihubiri mara nyingi, wala sikulielewa hata mwezi wa Novemba 2024: ya kwamba kiungo tukionacho dhaifu ndicho mwili usichoweza kukiacha. Aliyenifundisha si mwalimu wa chuo. Ni mmea mdogo usio na jani hata moja, pamoja na bibi mmoja wa Rufiji ambaye nilimcheka.

Wengi wenu mkaao bara hamjapata kuiona nchi yetu, basi nitaieleza kidogo. Kibiti ni mji wa njiani. Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara hupita hapo, akanunua korosho kwa dirisha la gari, wala asishuke. Upande wa mashariki nchi yateremka mpaka pale mto Rufiji ugawanyikapo kuwa mikono mingi kabla ya kuingia baharini, na mikono hiyo hupita katikati ya msitu wa mikoko ulio mkubwa kuliko yote ya Tanzania, hekta 50,000 na zaidi. Mwaka 2004 nchi hiyo, pamoja na Mafia na Kilwa, iliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo mataifa huandika humo nchi za maji zenye thamani kwa ulimwengu wote. Wenyeji ni Wandengereko na jirani zao, wakulima wa mpunga na wavuvi, na walio wengi mno ni Waislamu. Sisi Walutheri tu wachache: walimu wa shule, wauguzi, wafanya biashara, wafugaji waliokuja kutoka bara na ng'ombe zao, na wenyeji wa kuhesabika. Jumapili njema hatufiki mia.

Mto ule huwalisha watu wake kwa mafuriko. Maji yapandapo huleta tope, na tope ndilo mbolea ya mpunga. Walakini mwezi wa Aprili 2024 maji yalikuja kupita kiasi, yakafunika mashamba na nyumba katika wilaya za Rufiji na Kibiti. Na watu walikuwa hawajapumua bado, mara mwanzo wa Mei tufani iitwayo Hidaya ikafika pwani karibu na Mafia. Jamaa tano kutoka vijiji vya deltani walikuja mpaka mtaa wetu mmoja, wakabisha kwa mwalimu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa dini yetu. Mwalimu hakuuliza. Akatoa mabenchi kanisani, akatandika mikeka, akanipigia simu baada ya kwisha kufanya. Nasema kweli, siku zile usharika wetu ulifanya vema, nami nilijisifu kwa ajili yao mbele ya wachungaji wenzangu, labda kupita ilivyonipasa.

Hata mwezi wa Agosti jamaa nne walikuwa wamerudi kujenga. Akabaki bibi mmoja. Nyumba yake ilikuwa imeanguka, mumewe alikwisha kufa zamani, na mwanawe wa pekee alikwenda Dar es Salaam miaka mingi iliyopita, wala hana habari zake. Macho yake yana mtoto wa jicho, haoni vizuri. Tukampa chumba kidogo tulichowekea ngoma na viti vibovu, na kila juma mwalimu alimpimia vibaba vya mchele katika sadaka ya mavuno, na sukari kidogo, na kipande cha sabuni. Mchana alikaa chini ya mwembe ulio uani mwa kanisa. Mimi aliniita padri, maana kwake kila mtu asimamaye mbele ya msalaba ni padri.

Mwembe huo ni mkubwa, nao ulikuwapo kabla ya kanisa. Chini yake ndipo ilipofanyika ibada ya kwanza ya mtaa ule, kabla hatujawa na hata bati moja. Lakini mwaka ule ulikuwa umezaa kidogo sana. Basi katika baraza la wazee, mwezi wa Novemba, tulikuwa na mambo mawili ya mwisho: habari za mwembe na habari za bibi. Mzee mmoja, mkulima mzuri wa mikorosho, mtu mwenye haki atoaye kuliko wengi wetu, akasimama akasema: "Mwembe una virukia, ndiyo sababu hauzai. Na sisi nasi tuna kirukia chetu, chala wala hakizai."

Watu wakacheka. Nami nilicheka. Sikucheka kwa sauti kubwa, lakini nilicheka, na mwenyekiti nilikuwa mimi. Tukakata shauri kwamba vijana waupande mti siku ya Jumamosi wautakase, na bibi aambiwe kwa upole atafute ndugu zake kabla ya mwezi kwisha. Kisha tukasali, tukatawanyika. Dirisha la chumba chetu lilikuwa wazi, na dirisha hilo hutazama mwembe.

Asubuhi mwalimu alikuta mkeka umekunjwa. Juu ya mkeka palikuwa na sahani iliyooshwa, ufunguo, na mchele wa juma lile umefungwa katika kitambaa, haukupungua ila kidogo. Nitaungama mbele yenu: jambo la kwanza lililonijia moyoni sikuliona kuwa ni huzuni. Nilipumua, kama mtu aliyetuliwa mzigo. Nikawaza, jambo limekwisha pasipo maneno.

Jumamosi vijana wakapanda na mapanga. Ndipo nilipoona kitu ambacho sikukitazamia, maana tulikuwa tumekaa chini ya mti ule miaka mingi tukisema "virukia" kwa jina moja, na kumbe juu yake palikuwa na wageni wa namna mbili.

Namna ya kwanza ni kirukia hasa. Kina majani mengi ya kijani, hata mtu wa mbali hudhani ni tawi la mwembe wenyewe. Tunda lake lina ulimbo. Ndege hula tunda, kisha hujifuta mdomo juu ya tawi, na mbegu ikanata. Ikichipuka hupeleka mzizi ndani ya mti kama msumari, mpaka ufike penye njia za maji ya mti, na hapo hunywa. Kijana alipokata moja, kipande cha mti kilitoka pamoja nacho, na ndani yake tuliona jinsi vile viwili vilivyokwisha kushikana, hata usijue mwembe waishia wapi na kirukia chaanzia wapi. Tawi lile mbele yake lilikuwa limekonda na kukauka. Katika hili mzee wetu alisema kweli.

Namna ya pili haikuwa na jani. Ilikuwa rundo la mizizi ya rangi ya majivu, kama wavu mbovu uliotupwa mtini ukakauka. Shina lake ni fupi kuliko kidole. Kijana hakuhitaji panga. Aliivuta kwa mkono, ikabanduka, akaitupa chini, akavuta nyingine. Nikaokota rundo moja, nikaona katikati yake vijiti vyembamba, na juu ya vijiti maua meupe, makumi kwa makumi, kila ua halipiti punje ya mtama. Nikamwita kijana, nikamwambia anionyeshe mahali alipoitoa. Tukapandisha ngazi, nikapanda mimi mwenyewe na kanzu yangu. Ganda la mti lilikuwa zima. Palikuwa na alama nyeupe mahali mizizi ilipolala, kama alama ya kamba juu ya mkono, wala hapakuwa na tundu, wala jeraha, wala utomvu uliotoka. Hata mkwaruzo sikuuona.

Siku ile bwana misitu alikuwa akipita njia, nikamwita. Akatazama, akacheka, akasema, "Mchungaji, mmemwua asiye na kosa." Akamimina maji ya chupa yake juu ya lile rundo, na mizizi ile ya majivu ikageuka kijani machoni petu. Akanieleza ya kuwa huu ni mmea wa jamii ya okidi. Jamii hiyo ina aina zaidi ya 25,000 duniani, na nyingi katika hizo hukaa juu ya miti pasipo kuila. Huu wetu hauna majani, kwa hiyo mizizi imeshika kazi ya majani. Nje mzizi umevikwa kitu kama sifongo, kinywacho umande na mvua na vumbi liletwalo na upepo. Ndani una ile rangi ya kijani ipikayo chakula kwa nguvu ya jua. Kwa mti hauombi kitu ila mahali pa kushika, palipo juu kidogo ili mwanga uufikie. Ukiutia udongoni utakufa. Mti ukikatwa kwa mkaa, kama ikatwavyo miti mingi ya pwani hii ili kupikia Dar es Salaam, nao hufa pamoja na mti wake.

Jina lake katika elimu ya mimea ni Microcoelia exilis. Mwingereza John Lindley ndiye aliyeuandika kwa jina hilo mwaka 1830, nao huonekana tangu Uganda na Kenya mpaka Afrika ya Kusini, na katika kisiwa cha Madagaska. Sisi tuliofundishwa Kiyunani kidogo chuoni tutalisoma jina hilo pasipo shida: neno la kwanza maana yake ni tumbo dogo, kwa sababu nyuma ya kila ua kuna kifuko cha mviringo kama kitumbo. Na neno la pili ni la Kilatini, maana yake chembamba, au kidhaifu. Tumbo dogo, tena dhaifu! Nilipolifasiri jina hilo kwa sauti mbele ya vijana, niliukumbuka ule mchele uliofungwa katika kitambaa, nikanyamaza.

Nitaeleza jambo moja zaidi la mmea huu, nawasihi ninyi walimu mlishike, maana litawafaa mfundishapo habari za neema kwa wanafunzi wa kipaimara. Punje ya hindi ina akiba ndani yake. Mama yake ameifungia chakula cha safari, na itupwapo ardhini huanza kula akiba hiyo. Mbegu ya okidi haina akiba. Ni vumbi tu. Tunda moja huwa na mbegu nyingi mno zisizohesabika kwa jicho, na upepo huzichukua. Mbegu ikiangukia ganda la mti yaweza kukaa hapo hata ikafa, kwa kuwa haina cha kuanzia. Lazima kwanza aje mwingine ailishe. Naye ni kuvu, ndugu yake uyoga, mdogo asiyeonekana, aliyekwisha kukaa katika ganda lile. Huiingia mbegu na kuipa chakula, na kwa chakula hicho cha kupewa okidi hupata mzizi wake wa kwanza. Hakuna okidi hata moja msituni iliyoanza maisha kwa chakula chake yenyewe.

Mwalimu wetu Martin Luther alipofariki katika mji wa Eisleben, Februari 1546, ilionekana karatasi aliyoiandika siku chache kabla, na mwisho wake alikiri ya kuwa sisi wanadamu wote tu waombaji. Alikuwa amekwisha kutafsiri Biblia nzima, amebishana na wafalme, amejaza vitabu kabati kwa kabati, na hilo ndilo alilolibakiza. Basi mchungaji wa Kilutheri, akaaye katika baraza na kucheka mtu kwa sababu ala cha kupewa, amecheka nini?

Wala msimhukumu yule mzee. Miaka ya 2016 na 2017 watu wengi waliuawa katika nchi yetu hii ya Kibiti na Rufiji, viongozi wa vijiji na askari na raia, na tangu hapo tumejizoeza kufunga milango mapema na kumtazama mgeni mara mbili. Tena mzee hakukosa kwa kusema kwamba wako walao jasho la wenzao. Kirukia cha kweli kipo, nilikishika mkononi. Na msituni kwetu iko miti ya jamii ya mikuyu ambayo huanza kama mbegu ndogo katika kinyesi cha ndege juu ya tawi, ikateremsha mizizi polepole, ikaukumbatia mti ulioipokea hata kuusonga roho. Mchungaji asiyejua kwamba katika usharika wako watu wa namna hiyo, na mara nyingi si maskini, hajakaa katika kazi siku nyingi. Ninalosema ni hili: tuliviita vyote kwa jina moja, tukapanda na panga, tusitazame ganda la mti.

Siku chache baadaye mzee alikuja nyumbani kwangu na Biblia yake. Akaniuliza, "Mbona Paulo huyo huyo, katika 2 Wathesalonike 3:10, amkataza asiyefanya kazi kula?" Nikamjibu vibaya mara ya kwanza. Nilianza kumhesabia faida za bibi: ya kuwa aliwaangalia watoto wa mwalimu, ya kuwa alifagia uwanja kwa kupapasa, ya kuwa alikuwa akijua dawa ya tumbo. Nikasema mengi. Halafu nikajisikia nikisema, nikaacha. Kwa maana nilikuwa namlipia bibi kodi ya nyumba kwa maneno. Mwembe haupati faida yo yote kwa ile okidi. Mbao zake haziwi bora, embe zake haziwi tamu. Kama tutawapokea walio dhaifu kwa ajili ya huduma zao ndogo ndogo, basi siku huduma hizo zikwishapo tutawatoa, na macho ya bibi yalikuwa yakizidi kufifia.

Tukausoma mstari ule upya pamoja, tukaona ya kuwa Paulo awakemea wasiotaka kufanya kazi. Juu ya wasioweza hakunena neno humo. Kisha tukasoma Matendo 6, habari za wajane waliosahauliwa katika kugawiwa chakula, na jinsi Kanisa lote lilivyosimama kwa ajili yao. Mzee akasema, "Hao walikuwa wajane wa Kanisa. Huyu si wa Kanisa." Nikamwambia tufungue 1 Wafalme 17. Wakati wa njaa Mungu alimtuma Eliya nje ya Israeli, kwa mjane wa Sarepta katika nchi ya Sidoni, naye nabii ndiye aliyekula unga wa mwanamke yule. Katika hadithi hiyo, ikiwa tutatumia neno letu la barazani, kirukia ni nabii.

Hapo nikamkumbusha jambo alilolijua. Nilipoletwa wilaya hii mara ya kwanza hapakuwa na nyumba ya mchungaji. Nilikaa katika nyumba ya mzee mmoja Mwislamu miezi minane. Alikataa kodi. Alinipa chumba chenye mlango wa mbele ili watu wangu waje pasipo kuona haya, na mwezi wa Ramadhani mkewe alinipikia mchana nami peke yangu nikila katika nyumba ya watu wafungao. Hakuna mtu aliyeniita kirukia, wala sikumletea faida yo yote ila maneno ya jirani zake.

Mzee akafunga Biblia yake. Akasema, "Lakini Paulo asema kiungo kile hakiachiki. Kama hana kazi, mbona hakiachiki?" Hapo nilikwama, ndugu zangu, nami nakwama hata sasa. Twaweza kusema kwamba Mungu ameuunganisha mwili apendavyo, na imeandikwa hivyo katika somo letu. Lakini mimi nilimjibu kwa jambo nililoliona kwa macho. Nilimwambia, "Tulimwondoa, na hakuna tulilopata. Mwembe u pale, kanisa li pale, na katika stoo tumebaki na mchele wetu." Hakujibu. Alitaka kujua tu kama mimi nitakwenda kumtafuta, au nitamtuma mwalimu.

Nikaenda mwenyewe. Kutoka Kibiti nilichukua gari mpaka Nyamisati, bandari ambayo vyombo vya Mafia huondokea, na hapo nikapata mashua ya watu wa deltani. Tulipita katika mito myembamba ya chumvi, mikoko huku na huku imesimama juu ya mizizi yake kama watu waliopandisha nguo wavuke maji, na michu, na misikundazi yenye mizizi mipana kama mbao. Mwenye mashua alimjua bibi. Alinishusha penye ukingo wa tope, akanionyesha njia kwa kidole, akaniambia nivue viatu.

Nilimkuta katika dungu, yaani kile kibanda cha juu ya miti wanachokaa watu wakilinda mpunga, pamoja na wifi yake na wajukuu wa wifi. Chini ya dungu palikuwa na maji. Nikapanda ngazi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, mchungaji."

"Ah, padri. Karibu, kaa. Mwembe wenu umezaa?"

Nikasema haujazaa. Nikamwambia ya kuwa nimekuja kuomba radhi, kwa sababu siku ile barazani nilicheka. Akakaa kimya kitambo, akimenya kitu mkononi.

"Nilikusikia," akasema. "Kicheko chako nakijua, huanzia puani. Yule mzee simlaumu, mwanangu. Mchele ulikuwa wake, alilima, ana haki ya kuuonea uchungu. Wewe mchele haukuwa wako. Ulicheka nini?"

Sikuwa na jibu. Nimekaa katika kazi hii miaka kumi na saba, nimeulizwa maswali na maaskofu, na sikuwa na jibu. Wifi yake aliniletea maji ya kunywa.

Nikampa ule mchele aliouacha. Akaupokea, akaupima kwa kiganja, akamimina nusu katika chungu cha wifi yake na nusu akanirudishia, akasema ni ya mwalimu, kwa kuwa mwalimu alimfungulia usiku wa mvua. Nilipomwomba arudi, alisema hatarudi kwa sababu ya maneno ya padri. Kwanza atazame mpunga wa wifi umeshika, kisha ataona. Nikashuka. Mashua ilikuwa imengoja, na maji yalikuwa yakipwa.

Aliyemrudisha si mimi. Mwezi wa Februari 2025, kabla ya masika, mzee wetu wa mikorosho alikwenda Nyamisati peke yake, pasipo kuniambia. Waliyosemezana siyajui. Alirudi na bibi na kikapu chake, akamweka katika chumba kile kile; lakini kwanza alitoa ngoma na viti vibovu, akatia mlango mpya wa mbao. Aliposikia kwamba naandika habari hii gazetini, alinitaka jambo moja: kama nitaandika alivyosema, niandike pia nani alicheka.

Okidi nyingi tulizozitupa ziliteketea katika moto wa takataka jioni ile ile, kabla sijapata kuzuia. Imebaki ile moja niliyoiokota. Bwana misitu alinifundisha kuifunga kwa ukambaa wa mgomba juu ya tawi lenye kivuli chepesi, nami nikaifunga mahali pale pale penye alama nyeupe. Watu husafiri mbali mpaka Kitulo kutazama okidi za nyika ile, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu, na serikali iliifanya hifadhi ya taifa mwaka 2005. Hii yetu haina mtu wa kuifungia safari. Ukipita chini yake utadhani ni uchafu. Mizizi miwili mipya imetoka, ncha zake kijani, na mmoja umekwisha kushika ganda. Virukia vya kweli tumevikata, na vijana watapanda tena kila mwaka kuvitazama.

Sasa nina neno kwa walimu wa mitaa yote ya usharika wetu. Kila mmoja na aniletee, kabla ya mavuno ya mpunga, habari za watu waliobaki katika mtaa wake tangu mafuriko ya 2024, wasioweza kurudi kwao: wazee, vipofu, wajane, watoto wasio na mtu. Andikeni mahali walalapo na wanachokula. Safu ya dini iacheni wazi, sitaisoma. Sadaka ya mavuno ya mwaka huu itapimwa kwa orodha hiyo kwanza, kisha bati la kanisa. Na bibi ameniomba jina lake lisitiwe katika orodha yo yote, kwa kuwa, asema, yeye mlango anao.